Usiniulize Kitu Nikitoka Kisesa

Kwa ninyi wasichana mlioingia timu ya mbio ya kiwanda msimu huu.

Katibu wa michezo amenifuata nyumbani akitaka niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Alinikuta nafua nepi, mtoto wa tatu yuko mgongoni, bomba limekauka toka jana yake, na yeye amesimama mlangoni na kalamu sikioni. "Dada Leokadia, wewe ndiye mstaafu wetu. Waambie mabinti kwamba mbio ndefu zinaondoa hasira." Mstaafu! Sijafika hata miaka thelathini. Nimestaafu mbio kwa sababu ya goti na kwa sababu ya hawa watoto, lakini kwenye mashine za kusokota uzi bado naingia zamu kama ninyi, na tukikutana getini msinisalimie kama bibi kizee. Shikamoo moja inatosha.

Nitaandika. Ila nitaandika ninachokijua, siyo alichonituma.

Mbio ndefu haziondoi hasira hivi hivi. Zinaitoa, ni kweli, halafu mahali pake zinaweka kitu kingine kitamu, na hicho kitamu ndicho cha kuogopa. Mwanamke mwenye hasira angalau analinda mlango wake. Mwanamke aliyetoka kukimbia mpaka Kisesa na kurudi, mlango wake uko wazi, na yeye mwenyewe amekaa kizingitini anachekea wapita njia. Mimi karibu nimpoteze mwanangu kwa kicheko hicho.

Ngoja nianze na Kabula, kwa sababu bila Kabula nisingekuwa na cha kuwaambia.

Nilipofika kiwandani nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nimeolewa na Deo, karani wa ushirika wa pamba. Kituo chake kilikuwa Nansio, kisiwani. Alikuwa akivuka ziwa kuja kwangu pale feri ilipokuwa nzima na mafuta yalipopatikana, yaani kwa nadra. Nilikuwa na mtoto wa kwanza, Projestus, nilikuwa na zamu, nilikuwa na foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika, na nilikuwa na hasira. Watu wengine wanaamka na kiu. Mimi niliamka na hasira, na sikuhitaji mtu wa kunichokoza, ingawa wachokozaji walikuwepo.

Siku moja kwenye hiyo foleni mwanamume mmoja alipenya mbele yangu, akachukua sabuni, akaondoka anapiga mluzi. Nilimpa jirani mtoto amshike. Yule bwana alipoona ninakuja akaanza kukimbia, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Nilimkamatia kwa fundi baiskeli, nikamrudisha kwa kola ya shati mpaka mwisho wa foleni. Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja mrefu, mweusi tii, mwenye mwanya, hakupiga makofi. Alinitazama miguu kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

"Wewe Mhaya," akasema, "ukikasirika unakimbia vizuri. Jumapili njoo tuone kama unaweza kukimbia ukiwa umetulia."

Huyo ndiye Kabula, Msukuma wa Magu, mfumaji, kapteni wetu. Alikuwa anakimbia peku, kwa sababu raba za timu zilipoletwa zilikuwa za wanaume tupu, na alisema hawezi kukimbia ndani ya mtumbwi.

Kocha tulikuwa naye, lakini kocha alikuwa wa mpira wa miguu, na sisi wasichana alituambia tu "zungukeni uwanja". Jumapili ilikuwa ya Kabula. Tulitoka kwenye nyumba za wafanyakazi Igoma kabla jua halijawa kali, tukashika barabara ya Musoma mpaka Kisesa, tukapanda Bujora, tukageuka. Hakuna aliyekuwa na saa. Kabula alikuwa na salamu.

Hili lishikeni, maana siku hizi naona mnaondoka getini kama mmechomwa na nyuki. Kabula alitufundisha kwamba kila mzee mnayemkuta njiani lazima asalimiwe. Si kumpungia mkono. Unapunguza mwendo, kanga uliyoifunga kiunoni unaishusha ifunike kaptula, unachuchumaa, unasema kwa Kisukuma "Mwangaluka", unajibiwa "Mwangaluka minza", unaulizwa wa kwenu hawajambo, unauliza ng'ombe, mvua na wajukuu, ndipo unainuka unaendelea. Kama pumzi haitoshi kuuliza habari za ng'ombe wote, basi ulikuwa unakimbia kwa papara na hutafika Bujora ukiwa mzima. Kama unaweza kuuliza na habari za mbuzi, ulikuwa unazembea. Ndivyo tulivyopima mwendo. Halafu kulikuwa na faida nyingine ambayo Kabula aliijua na kocha hakuijua: wazee wa njia ile mwanzo walikuwa wamepeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba wasichana wa kiwandani wanapita na mapaja nje. Baada ya miezi michache ya salamu, bibi wa pale mlimani alikuwa anatuwekea matobolwa kwenye ungo, viazi vitamu vyake vilivyochemshwa vikakaushwa, na akimkosa mmoja wetu anauliza kama anaumwa.

Mimi Jumapili ya kwanza nilipiga magoti. Nyumbani Bukoba mkubwa huwezi kumsalimia kwa kuchuchumaa nusu nusu, unashuka kweli. Nilishuka kwenye changarawe kila baada ya nyumba chache, na tulipofika Kisesa magoti yalikuwa yanatoka damu.

"Leokadia," Kabula akaniuliza, "unasalimia au unaungama?"

Mwenye maziwa naye asikilize, hamtaambiwa na kocha. Nyonyesha kwanza, mpaka mtoto aachie mwenyewe. Jifunge kifua kwa kitambaa kipana, siyo kwa kamba ya sidiria peke yake. Sisi tulikuwa tunaomba vipande vya amerikani vilivyokataliwa na wakaguzi. Ukirudi, oga, kamua kidogo umwage, ndipo umpe mtoto. Watu watakuambia maziwa yamechemka, yamechacha, yatampa mtoto tumbo. Hayajachacha. Projestus aliyanyonya na sasa anasoma darasa la pili na anawapiga wenzake. Lakini kamua hata hivyo, ili wakiuliza uwe na jibu.

Sasa hiyo hali yenyewe, kile kitamu nilichosema. Inakuja kwa mpangilio, na ukiujua hautakushangaza.

Unapotoka getini unagombana. Mwili uko barabarani, lakini kichwani uko na mtu wako, unampa maneno yake. Kila hatua neno. Mimi nimewahi kumsema msimamizi wa zamu kuanzia Igoma bila kurudia sentensi hata moja. Hapo unakimbia kwa kasi mno na hujui. Kisha unakuja mlima, na mlima hauna nafasi ya watu wawili, wewe na huyo unayemgombeza. Mmoja anaachwa. Unabaki na pumzi tu. Juu kule hamna kitu kichwani kabisa, kama nyumba iliyohamwa, na ukimsalimia mzee hapo unashangaa sauti yako ni ya upole, ni ya mtoto wa shule. Halafu mnageuka. Na kwenye kugeuka ndiko kuna mambo. Upepo wa ziwa unakupiga usoni, miguu inakwenda bila kuombwa, unaanza kuona vitu: mawe yamepandana kama mtu aliyapanga akaenda kula, moshi wa nyumba moja umesimama wima, ng'ombe ana macho mazuri. Unawapenda watu. Unampenda hata msimamizi. Mara unalia kidogo, mara unacheka, na hakuna aliyekwambia chochote.

Kabula aliita hali hiyo ulevi wa bure. "Pombe unanunua na kichwa kinauma," alisema. "Huu unapewa, halafu wanaokuzunguka ndio wanaofaidi."

Msimamizi wetu alikuwa anafaidi. Yule bwana, nisimtaje, aligundua kwamba wasichana wa mbio wakirudi Jumapili hawakatai kitu. Akawa anatusubiri getini amevaa shati la kanisani. "Mabinti, nani atanisaidia zamu ya usiku Jumatano?" Na sisi, jasho linatiririka, meno yote nje: "Mimi! Mimi hapa!" Jumatano usiku, uzi unakatika kila dakika, vumbi la pamba linajaa puani, unajiuliza ni shetani gani alikujibia. Tulipoerevuka, Kabula akapitisha sheria: ukitoka Kisesa funga mdomo mpaka ugali ushuke tumboni na miguu ianze kuuma. Miguu ikianza kuuma, wewe ni wewe tena, ongea.

"Mbona wewe unaongea tu?" tulimuuliza.

"Mimi nimeshaharibikiwa. Mnadhani mume wangu nilimpataje? Alinikuta nimekaa kwenye jiwe nimetoka kukimbia, nacheka na mjusi. Akaniuliza kama nitaolewa naye, nikasema na wewe pia ni mzuri. Angekuja Jumatatu angepata matusi ya kumtosha mpaka uzeeni."

Na alimpenda mumewe, msimwelewe vibaya. Jumapili alikuwa akimbebea matobolwa kwenye pindo la kanga.

Mimi niliamini sheria ile ni ya msimamizi na zamu zake. Sikudhani inahusu ndani ya nyumba yangu.

Mama mkwe wangu, mama yake Deo, alikuja kwa meli kutoka Bukoba wakati Projestus ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Jina lake Anastazia. Alileta ndizi, alileta senene waliokaangwa, alileta kahawa ya kutafuna imefungwa kwenye jani la mgomba, na alileta shauri. Mjukuu wa kwanza ameshakaribia kuacha ziwa. Kwao mtoto akiacha ziwa anakwenda kwa bibi, anakulia kwenye migomba, anajua kwao. Deo mwenyewe alilelewa hivyo. Tena mama wa huyu mtoto ni wa zamu, usiku hayupo, na Jumapili badala ya kupumzika anakimbia barabarani amevaa suruali iliyokatwa.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua pa kumshika. Alikuwa anasema huku anamwogesha mtoto vizuri kuliko mimi, huku ananipikia, huku anakunja nepi zangu.

"Waitu, mwanangu, nakuonea huruma tu. Utapata nafasi. Mtakuja kumwona Krismasi."

Krismasi! Kwa meli ipi, kwa ruhusa ya nani, kwa mafuta gani? Nilijua hesabu hiyo inavyokwenda. Kuna mwenzangu pale kiwandani alipeleka mtoto kwa bibi, akaja kumwona tena ana meno ya pili.

Wiki nzima nilimeza maneno. Deo yuko ng'ambo, salamu nilizompelekea kwa baharia hazikurudi. Na mama mkwe alikuwa ameshasema ataondoka na meli ya Jumanne, alichosubiri ni mimi kuitikia tu, maana alikuwa mtu wa heshima, asingembeba mtoto kama mwizi. Alikuwa anangoja neno langu. Neno hilo ndilo lilikuwa boma pekee la mtoto wangu, na mimi nilikuwa ninaliona hivyo kabisa.

Jumapili ikafika nikatoka mbio nikiwa nimepanga. Nikirudi leo namwambia. Namwambia mtoto haendi popote, namwambia nilimzaa mimi, namwambia kama anataka wa kulea azae mwingine. Kutoka Igoma mpaka karibu na Kisesa nilimwambia yote hayo, na mengine ambayo siwezi kuyaandika humu. Nilipita wazee watatu bila kuwasalimia. Kabula akarudi kuwaomba radhi kwa niaba yangu, akanikuta mlimani nimeinama nimeshika magoti, natapika maji.

"Nani huyo unayemkimbiza?"

"Mama mkwe."

"Ameiba sabuni?"

Nilicheka. Nilicheka vibaya, kicheko cha kulia, na pale pale hasira ikanitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tulipogeuka nilikuwa mwepesi. Niliwasalimia wale wazee niliowapita, nikapiga magoti kabisa, nikauliza na habari za kuku. Mvua ndogo ilipita ikatulowanisha, ardhi ikanukia. Nikawaza mama mkwe wangu amevuka ziwa lote lile peke yake, mtu mzima, na mikungu ya ndizi kichwani, kwa ajili ya mtoto wangu. Nikaona ana upendo ulioje. Nikaona watu wote wana upendo ulioje.

Nilifika nyumbani nacheka. Alikuwa amekaa kibarazani, Projestus amelala mapajani mwake. Jirani zangu wawili walikuwepo wanachambua mboga. Aliniona, akasogeza kata ya maji. Nilishuka kumsalimia, nikanywa, akaniwekea punje za kahawa kiganjani.

"Pole na safari, mwanangu."

"Asante mama."

"Basi Jumanne niende naye?"

Nami nikasema, nikitafuna kahawa yake, na uso wangu nadhani uling'aa kama wa bikira kwenye picha ya kanisani: "Nenda naye mama. Atafurahi."

Jirani mmoja aliacha kuchambua mboga.

Nilioga. Nilikula. Nilijilaza kidogo. Miguu ilipoanza kuuma nilikaa kitandani ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji, nikaelewa nimefanya nini. Nje mama mkwe alikuwa anaimba, anaanua nepi, anazipanga kwenye kikapu cha safari.

Sasa mtaniuliza, si ungemwambia umebadili mawazo? Ninyi hamjaolewa, au mmeolewa na watu wasio na mama. Nimesema nikiwa nimepiga magoti, nimepokea kahawa mkononi mwake, mbele ya watu. Ningetoka pale na hasira niliyokuwa nayo, na ilikuwa imerudi imeleta na ndugu zake, ningemtukana mama wa mume wangu, na tusi la namna hiyo halina siku ya kusahauliwa. Mtoto ningebaki naye na kila mtu mwingine ningempoteza. Nilikaa kimya. Jumatatu kwenye mashine nilikata uzi mwingi mpaka mkaguzi akaniuliza kama naumwa.

Mapumziko ya uji nilimwendea Kabula. Nilimweleza. Hakucheka, na Kabula alikuwa anacheka hata msibani.

"Meli inaondoka kesho jioni?"

"Ndiyo."

"Mnakwendaje bandarini?"

"Lori la kiwanda linapeleka marobota ya vitambaa mjini. Dereva amekubali kutupakia."

"Mpe dereva mizigo tu. Bibi mtembeze."

"Kabula, kutoka Igoma mpaka bandarini? Yule ni mtu mzima!"

"Mtu mzima anayelima migomba kila siku, usinidanganye. Mtembeze. Akifika pale anapocheka na mijusi, muombe mtoto wako. Alikuchukulia kwa ulevi, na wewe chukua kwa ulevi."

Jumanne sikuwa na zamu. Dereva alipakia vikapu, nikamwambia aende. Mama mkwe akaduwaa barabarani, Projestus yuko mgongoni kwake amefungwa mbeleko.

"Na sisi?"

"Tutatembea mama. Mbele imejaa, na juu ya marobota mtoto ataanguka."

Ilikuwa kweli nusu. Hakufurahi. Nilitaka kumpokea mtoto, akakataa, akasema lazima wazoeane. Basi tukaondoka, yeye mbele.

Ilikuwa kama kujitazama mwenyewe kwa nyuma. Mpaka Nyakato alinigombeza: kiwanda gani hakina adabu kwa wazee, Bukoba padri angeleta gari, Deo atasikia. Alikuwa anakwenda mbio mno. Nikamwambia, "Mama, tuwasalimie hawa," na tukawasalimia wazee waliokaa nje ya nyumba yao, naye alisalimia kwa Kiswahili cha Kihaya chenye heshima zote, wakampa maji, mwendo ukashuka. Tulipokaribia Buzuruga alinyamaza. Jasho lilikuwa limeloanisha gauni mpaka kiunoni. Nikasema, "Nipe basi nikupokee kidogo," akanipa. Nikahisi uzito wa mwanangu mgongoni na pumzi yake shingoni, nikauma midomo nisiseme chochote.

Tulipofika Mabatini alianza kuona vitu. Aliona nyumba zimepanda juu ya mawe, akasimama, akacheka. "Hawa watu wanaishi kama mbuzi! Waitu, tazama, kuna na mtu anaanika nguo kule!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akanishika mkono. Mama mkwe wangu hakuwahi kunishika mkono. Tukawa tunakwenda tumeshikana kama wasichana wa shule.

"Deo alipopelekwa kwa bibi yake," akasema, "nilikuwa mdogo kuliko wewe. Sikuulizwa. Walimchukua asubuhi nikiwa kisimani. Siku aliyorudishwa aanze shule nilimpikia ndizi na samaki mzima. Akala. Akapiga magoti akanishukuru, akaniita mgeni mwema. Halafu akauliza watamrudisha lini kwa mama."

Alisema hivyo akitabasamu, machozi yanamtoka, kwa ile sauti nyepesi ninayoijua mimi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja pale angenipa mtoto, angenipa na gauni lake.

Na nilishindwa. Kabula aliponiuliza baadaye aliniita mjinga, na labda ni kweli. Lakini nilijua nilivyojisikia nilipoamka pale kitandani miguu inauma. Sikutaka kumfanyia mtu hivyo. Na tena sikutaka kibali ambacho kesho kutwa kitamchacha akiwa kule ng'ambo, amwandikie Deo, aje na wajomba. Nilitaka anipe akiwa ni yeye, yule mkali, anayekunja nepi za watu.

Kwa hiyo tulifika bandarini, vikapu tukavikuta, nikamkalisha kwenye kivuli cha ghala. Nilimpa chai ya rangi na matobolwa. Akala polepole. Watu walianza kupanda meli. Nilimtazama miguu. Alianza kuikanda. Akaguna. Akamkaripia kuli aliyeweka gunia karibu na ndizi zake. Akaniambia shingo ya gauni langu imelegea kama ya mtoto wa mtaani. Hapo nikajua amerudi.

Nikapiga magoti kwenye saruji, Projestus yuko mgongoni.

"Mama, mtoto simpi mtu. Jumapili nilikuambia ndiyo, lakini nilikuwa nimetoka kukimbia, nikitoka kukimbia sina akili zangu. Sasa ninazo. Simpi."

Meli ikapiga honi ya kwanza, watu wakaanza kusukumana.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Nilikusubiri kibarazani toka asubuhi. Baba yake Deo mimi simwombi kitu akiwa amekaa. Namngoja atoke shambani, jasho linamtoka, amelewa kazi. Nyumba ya bati niliipata hivyo."

Nilikaza mbeleko ya Projestus.

"Na wewe," akasema, "pale kwenye mawe uliniona. Mbona hukuniomba? Pale ungeniomba ng'ombe ningekupa."

"Ndiyo maana sikuomba mama."

Akaikanda miguu yake tena, mmoja, halafu mwingine. Kisha akavuta kikapu cha nepi, akatoa nepi moja moja, zote alizozipanga Jumapili, akazirundika mapajani kwangu.

"Mwachishe ziwa usiku," akasema. "Mtoto mkubwa hivi ananyonya usiku kama ndama, ndiyo maana unakonda. Na nitakuja mwenyewe mvua zikiisha. Nitakaa. Atanijua nikiwa hapa hapa."

"Karibu sana mama."

"Sikukuomba karibu. Nimesema nitakuja."

Alisimama kwa shida, akakataa mkono wangu, akabeba mkungu wake mwenyewe kichwani. Kwenye ngazi ya meli alikuwa ameshaanza kugombana na mtu kuhusu nafasi ya kukaa, na nilimsikia sauti muda mrefu baada ya kutomwona. Hakugeuka kupunga.

Projestus ndiye aliyegeuka. Meli ilipojitenga na gati alielewa kwamba bibi hashuki, akanyoosha mikono yote miwili juu ya bega langu kuelekea majini, akapiga yowe. Yule aliyemwogesha, aliyemlaza mapajani, aliyemwimbia, anakwenda, na mama yake amesimama tu. Nilimfunga vizuri mgongoni, nikabeba nepi kichwani, nikashika njia ya kurudi Igoma. Alimlilia bibi yake Mabatini yote, akamlilia mpaka Buzuruga, watu wakatoka nje kututazama, mama mmoja akaniuliza namfanya nini mtoto wa watu. Sikumnyamazisha. Nilimwacha alie mpaka alipochoka mwenyewe.